Kiti Chembamba cha Mama Mkwe

Fundi Nikodemo wa Msalato alikuwa mtu wa sofa. Nikisema sofa simaanishi vile vijisofa vya sponji vinavyobonyea kabla hujalipa. Sofa la Nikodemo lilikuwa na mikono minene, mgongo wa kupanda na kushuka, vifungo vya rangi ya dhahabu kila mahali, na miguu iliyochongwa kama makucha ya simba. Tangu serikali ihamie Dodoma watu wa maofisini walikuwa wanamiminika kwake, na kila mmoja alitaka lake lizidi la jirani. Zipo sebule mjini humu ambazo mgeni anaingia kwa ubavu, na akishaketi hamwoni tena mwenyeji wake aliye upande wa pili. Nikodemo alifurahia kazi hiyo kwa moyo wote. Kwake yeye kiti kilikuwa heshima, na heshima aliipima kwa futi kamba.

Ni mtu mrefu, mwenye maneno mengi, vumbi la mbao kwenye nyusi na penseli sikioni. Jumapili, kabla hawajaingia kanisani, mke wake Emiliana humchomoa ile penseli na kuitia mkobani. Wana binti mmoja, Rose, na ndiyo maana nyumbani yeye huitwa Baba Rose.

Emiliana ni Mrangi wa huko Busi, wilaya ya Kondoa, na mambo haya yalianzia kwao. Mama yake, Domitila, ni mwanamke mkubwa. Simsengenyi. Yeye mwenyewe husema kwamba Mungu alipokuwa anamgawia mwili alipitiwa na usingizi, mkono ukiwa bado ndani ya debe. Kijijini hapakuwa na shughuli isiyomwita, kwa kuwa hakuna anayejua kuupangilia mchele wa watu wengi kama yeye. Mpaka siku ya harusi ya mpwa wake. Walikodi viti vyeupe vya plastiki, unavijua. Domitila akakaa, na miguu ya nyuma ikaanza kutanuka taratibu, kama ndama mchanga anayejaribu kusimama, halafu chini puu. Watu wakacheka. Hata mshereheshaji akatia neno kwenye kipaza sauti. Domitila akainuka, akajikung'uta kanga, akaenda jikoni kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini lilikuwa limetokea. Tangu siku hiyo akikaribishwa kiti hukaa nusu. Kanga inagusa kiti, uzito wote uko kwenye mapaja yake mwenyewe, na magoti yanatetemeka. Akikaa hivyo kwa saa nzima anarudi nyumbani kachoka kuliko aliyelima. Baadaye akaona bora apeleke mchele wake na salamu, yeye abaki nyumbani.

Mwaka huu ikafika jubilei yake. Miaka hamsini ya ndoa, yeye na Mzee Tadeo. Watoto wakachanga, hema likakodiwa, ng'ombe akateuliwa, padre akapanga Misa. Domitila akatuma neno kwa simu: Misa ataisikiliza amesimama nyuma kabisa kanisani, halafu atakuwa jikoni na wenzake. Meza kuu akae Tadeo, inatosha.

Emiliana alikuwa anasonga ugali alipoipokea simu hiyo. Akauacha ugali ukaungua.

"Jubilei ya ndoa," akamwambia mumewe huku analia, "bwana harusi yuko mezani peke yake, bibi harusi yuko na masufuria. Baba Rose, hivi wewe si fundi viti?"

Neno hilo lilimwingia Nikodemo mpaka kwenye mfupa.

Sasa ugumu ulikuwa hapa. Kwa wazee wale, mkwe hasogelewi. Miaka yote ya ndoa yao Nikodemo na Domitila wamesalimiana kwa mbali, yeye kainamisha macho, mama kajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Hawali pamoja. Mama mkwe akiwa ameketi mahali, mkwe hupita njia nyingine. Kwa hiyo fundi huyu alitakiwa kutengeneza kiti cha mtu ambaye hajawahi kumwona akikaa, hawezi kumpima, na hawezi hata kumuuliza anapenda nini. Wewe na mimi tungesita hapo. Nikodemo hakusita hata kidogo.

"Nitampigia kikubwa," akasema. "Kikubwa mpaka waseme."

Akakipiga. Ndani bomba za chuma, nje kitambaa chekundu cha mahameli, vifungo vya dhahabu, mgongo uliopita kimo cha mtu mzima. Kikapakiwa juu ya lori la alizeti lililokuwa linarudi tupu. Kilipofika kijijini watoto walilikimbilia lori wakipiga kelele, na katekista akatoka kuona kuna nini. Kwake yeye kiti cha namna ile kingeweza kuwa cha mtu mmoja tu duniani. Alidhani askofu amekubali kuja kwenye jubilei na ametanguliza kiti chake. Akaita kwaya, kwaya ikaja, kiti kikashushwa kwa wimbo na vigelegele, kikabebwa mabegani mpaka kanisani. Domitila alikitazama kinavyopita mbele ya mlango wake. Watoto wake walipotaka kukifuata aliwakataza.

"Kiacheni huko huko kilikopokelewa," akasema.

Kipo huko mpaka leo. Anakikalia padre, naye ni mfupi, miguu haimfiki chini.

Nikodemo alinuna. Alitegemea shukrani, akapata kwaya. Kwa siku kadhaa alipiga misumari kwa hasira, mpaka Emiliana alipoongea na mama yake kwa kirefu, akamletea maneno yenyewe.

"Mama anasema hajakasirika. Anasema kile kiti kinapiga kelele. Hata kabla hajakikalia, kinamwita kila mtu aje aangalie ni nani huyo aliyehitaji kiti kama hicho."

Nikodemo akaweka nyundo chini. Alikuwa hajawahi kuliwaza jambo hilo, na lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa ametaka kumheshimu mkwe wake, na badala yake amemnadi.

"Mama Rose," akasema, "mimi najua kukuza tu. Kiti kisichoonekana sijui kinatengenezwaje."

Siku hizo hizo ndipo Zipora alipofika karakana. Zipora ni muuguzi mstaafu, anakaa ng'ambo ya barabara inayokwenda uwanja mpya wa ndege, mama asiyependa kupotezewa muda. Alikuja na guta limebeba viti vinne. Ukivitazama ungesema vya mnadani. Vilikuwa vimepakwa rangi ya kahawia juu ya rangi ya kijani juu ya rangi nyingine tena, vimepigiliwa vikalio vya sponji, na kimoja kilikuwa kimeongezewa mikono ya mbao isiyofanana.

"Vivue hayo yote," akasema Zipora. "Nataka nivione kama baba alivyoviona."

Baba yake, marehemu Bartolomayo, alikuwa mpishi wa inginia mmoja wa Kitaliano aliyekuwa anachimba visima huku zamani, Zipora akiwa msichana. Inginia alipoondoka alimwachia viti. Kila Zipora alipovipeleka kwa fundi kukazwa, fundi alivionea huruma, maana vilikuwa vyembamba mno, akaongeza kitu. Mmoja sponji, mwingine mikono, mwingine misumari. Vilichorwa na kijana wa Kijapani, baba yake alimhadithia, kijana aliyetoka kwao akaenda kuishi na mafundi wa Italia kwenye mji wa huyo inginia.

"Baba alisema yule inginia alikuwa akiwaambia wageni hivi: Mjapani kaondoa kila kisichotakiwa, Mtaliano kahakikisha kilichobaki hakiachani. Baba alikuwa anavifuta kila asubuhi. Haya, kazi kwako."

Nikodemo akavivua. Aling'oa misumari, akabandua sponji, akakwangua rangi tabaka kwa tabaka. Alipomaliza kiti cha kwanza alikiweka mezani, akageuka kuangalia sakafuni kama hakuna kipande alichokiangusha. Kilikuwa kimebaki kitu kidogo mno. Miguu minne, ubao mmoja uliopindwa kidogo wa kuegemea, na kikalio cha kamba za nyasi zilizosokotwa. Basi. Hakuna hata msumari mmoja. Chini ya fremu palikuwa na majina mawili yamechomwa kwa moto, moja la herufi zetu hizi na jingine la michoro ya Kijapani.

Akakiinua kwa kidole kimoja, kikainuka.

Akaona haya kwa niaba yake. Kiti gani hiki, akajisemea, mgeni akija si atadhani umemfukuza? Hata hivyo akataka kukijaribu. Akakigeukia, akajishusha pole pole, kakanyaga kwa nguvu chini, mapaja yamekaza, asije akakivunja kiti cha watu. Akakaa hivyo kitambo, miguu ikaanza kumtetemeka, na hapo akajishtukia. Alikuwa anakaa nusu. Alikuwa anakaa kama mama mkwe.

Akaachia uzito. Kiti hakikusema kitu. Kilibonyea kidogo tu kwenye kamba, kikampokea mgongo mahali ambapo mgongo wenyewe ulikuwa unataka kupokelewa. Nikodemo akafumba macho, akacheka peke yake.

Halafu akatoka mbio kwenda kumwita Daudi wa mashine ya kusaga. Daudi akisimama mlangoni mwa mashine, ndani kunaingia giza.

"Kaa hapo," Nikodemo akamwambia.

Daudi alikitazama kile kiti, akamtazama na rafiki yake. "Fundi, nimekukosea nini?"

"Kaa, bwana."

Daudi akakaa akiwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akaachia mkono mmoja, akaachia wa pili. Akajitikisa. Akapandisha mguu juu ya mguu, kitu ambacho, alisema mwenyewe, hajakifanya tangu aoe. Alikataa kuinuka mpaka mteja wa unga alipokuja kumtafuta.

Basi Nikodemo akaanza upya, na wateja wa sofa wakasubiri. Kiti kimoja cha Zipora kilikuwa kimelegea viungo vyote, na kwa ruhusa yake akakifungua chote kipande kwa kipande. Kila siku alimpigia Emiliana simu kutoka karakana kumweleza alichokiona, na Emiliana, aliyekuwa kazini hospitali ya mjini, alilazimika kumkatia. Mguu ule haukuwa mwembamba kote. Ulinenepa kidogo pale kiungo kinapoingia, ambapo uzito unapita, halafu ukapungua pale ambapo hakuna kazi. Ulimi wa mbao uliingia kwenye tundu lake ukakaa kama umezaliwa humo. Waliokifanya hawakuwa wabahili, walikuwa wanajua tu uzito unapita wapi.

Alitafuta mninga mkavu, akaupata kwenye mlango wa ghala la zamani lililobomolewa, mbao zilizokauka tangu kabla hajazaliwa. Kamba za nyasi za kule hakuwa nazo, lakini yeye ni Mgogo, na amelala utotoni kwenye kitanda cha bibi yake kilichosukwa kwa kanda za ngozi ya ng'ombe. Akaloweka ngozi, akakata kanda, akasuka zikiwa mbichi. Zikikauka zinajikaza zenyewe mpaka ukizipiga kwa kucha zinalia.

Cha kwanza kilivunjika. Daudi alikikalia, mguu wa nyuma ukapasuka kwa mlio wa bunduki, na Daudi akajikuta chini kwenye maranda akicheka mpaka machozi. Nikodemo hakucheka. Pale chini hakumwona Daudi. Alimwona Domitila na nguo yake nyeupe ya jubilei, mbele ya padre, watoto na wajukuu. Akaokota mguu, akaugeuza geuza. Alikuwa ameulainisha mno kwa msasa pale pale kwenye kiungo, ili upendeze. Nilikuambia ni mtu wa sofa.

Cha pili alikiacha kinene kidogo pale panapotakiwa. Daudi akakikalia wiki nzima, siku nyingine kampakata mkewe, na mkewe naye si haba. Kikatulia. Ndipo Nikodemo akatengeneza kingine kinachofanana nacho kwa kila kitu.

"Viwili?" Emiliana akauliza. "Baba mwenyewe mwembamba kama fito, anaweza kukalia hata kikapu."

"Ndiyo maana," Nikodemo akajibu. "Viwekwe pamoja, vifanane. Asiwepo wa kusema hiki ni cha nani."

Emiliana akamchomoa mumewe penseli sikioni, siku yenyewe wala haikuwa Jumapili, akambusu pale ilipokuwa.

Walipanda basi la Kondoa viti vikiwa vimefungwa juu na mizigo. Utingo alivishika, akavipima mkononi, akauliza kama sponji wataweka wakifika. Busi wakapokewa na Mzee Tadeo mwenyewe njia panda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo hivi?" Mzee akavinyanyua vyote viwili kwa mkono mmoja, na furaha ikamtoka usoni kidogo. "Kile cha kwanza kilikuwa na nyama. Hivi ni mifupa."

Emiliana akavichukua, akaingia navyo ndani kwa mama yake, na Nikodemo akabaki uani akikata kuni ambazo hakuna aliyemwomba azikate. Emiliana alipotoka alikuwa anajizuia kutabasamu.

"Amevizunguka," akamnong'oneza. "Amevinyanyua. Akaniuliza cha baba ni kipi, nikamwambia chochote. Akauliza, na changu? Nikamwambia chochote, mama."

"Akakaa?"

"Hajakaa. Ila ameomba nimpigie pasi ile nguo nyeupe."

Kesho yake baada ya Misa hema lilijaa. Meza kuu ilikuwa na maua ya karatasi na keki, na nyuma yake viti viwili vyembamba vya mninga, vimesimama bega kwa bega. Nikodemo hakuviona mahali pale, maana mkwe hawezi kukaa mahali mama mkwe anapokula. Nafasi yake ilikuwa nyuma ya hema, na wapishi, karibu na masufuria ya nyama, na kati yake na meza kuu palikuwa na turubai tu. Kiti chake cha maisha yake yote kilikuwa kinakwenda kukaliwa, naye hana ila masikio.

"Bibi na bwana harusi!" mshereheshaji akapaza sauti. "Karibuni mketi!"

Watu wakapiga makofi. Kisha pakawa kimya, kile kimya cha watu wanaokumbuka harusi ya mpwa. Nikodemo akashika kamba ya hema. Akasikia nguo ikichakacha. Akasikia mtu akikohoa. Akangoja mlio wa mti kupasuka, na mlio haukuja. Kwaya ikaanza kuimba.

Mpishi mmoja akampa hongera. Nikodemo akatikisa kichwa. Kiti kutovunjika hakukumwambia kitu, kwa kuwa mtu akikaa nusu kiti hakivunjiki. Huenda mama alikuwa pale amekaza mapaja, magoti yanatetemeka chini ya kitambaa cha meza, anahesabu muda uishe. Ikiwa ni hivyo, basi amemtengenezea adhabu nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Akatamani kupasua turubai achungulie. Hakuweza, kwa adabu.

Zikaja zawadi, ukaja wimbo wa wajukuu. Kisha akapewa kipaza sauti Mzee Tadeo, ambaye si msemaji. Akaanza kusimulia alivyokwenda kuposa. Alikwenda na mjomba wake, na mjomba alikwenda na punda, kwa sababu mjomba hakuwa anatembea kwa miguu kwenye mambo ya heshima. Wakakaribishwa vizuri. Wakati mjomba anatoa hotuba yake ndefu ya posa ndani, punda huko nje alikuwa anakimaliza kimea chote cha pombe ya wakwe. "Baba yake Domitila akatoka, akaona," alisema mzee kwa sauti yake ndogo, "akarudi ndani, akasema: binti nitawapa, lakini huyu punda sitaki kumwona kwenye harusi. Na mjomba akasema..."

Alichosema mjomba hakikusikika. Kilifunikwa na kicheko kimoja, cha mwanamke, kilichoanzia chini kabisa, kikapanda, kikakatika kwa kukosa pumzi, kikaanza tena. Kofi likapigwa mezani, vijiko vikaruka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyejitupa nyuma kwenye egemeo, kaachia mabega, kaachia tumbo, kaachia kila kitu. Hema zima likamfuata, lakini kicheko kile kiliendelea juu ya vyote, kinakohoa, kinalia, kinamwomba mzee aache na hapo hapo aendelee.

Nikodemo hakuwa amewahi kukisikia. Akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa amesimama kando ya sufuria, upawa mkononi, mchuzi ukimdondokea kwenye viatu.

"Ni nani huyo?" akamuuliza.

"Ni mama," Emiliana akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kucheka. "Baba Rose, ni mama. Nilikuwa nimekisahau."